Kuchagua breki ya mtutu: teke lipungue, masikio yapone

Kazi yangu ni kupiga goti kando ya mwenye bunduki. Yeye amelala kifudifudi juu ya mkeka, jicho kwenye darubini. Mimi niko mkono wake wa kulia na darubini yangu ya macho mawili, namwambia risasi imeangukia wapi. Nimeifanya kazi hii Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, kwenye mbuga kavu zinazotazamana na mlima Kadam, pamoja na wageni wenye vibali vya kuwinda na Waganda wachache wenye leseni wanaopenda kugonga sahani za chuma kwa mbali. Kiswahili nilikiokota jeshini kama wengi wetu, na bunduki nilizifahamu hukohuko.

Nayasema haya ili ujue ninaandika kutoka upande gani. Breki ya mtutu ni kipande cha chuma chenye matundu kinachofungwa kwenye mdomo wa bunduki, na mwenye bunduki huipenda kwa sababu inamwokoa bega. Anayelipa bei yake ni mtu wa pembeni, nami nimeilipa kwa sikio la kushoto, ambalo jioni ikitulia hulia kama nyenje. Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi dukani. Unaanza kwa kuhesabu watu watakaokuwa karibu nawe utakapofyatua.

Hatua ya kwanza: jua kinachokupiga

Ukifyatua, vitu viwili hutoka mbele ya mtutu: kichwa cha risasi, na gesi ya baruti iliyoungua. Vyote viwili huisukuma bunduki nyuma, na msukumo huo begani ndio teke. Watu hukisahau hiki cha pili kwa sababu hakionekani, lakini ndicho pekee ambacho breki inaweza kukishughulikia. Kichwa cha risasi hakishikiki; kinapita katikati ya breki na kwenda zake. Gesi inayokifuata ndiyo inayogonga kuta za breki, ikaivuta bunduki mbele kidogo, kisha ikatokea kwenye matundu ya pembeni badala ya kuchomoka moja kwa moja mbele.

Tuchukue .300 Winchester Magnum, bunduki ambayo wageni wengi huja nayo. Kichwa cha risasi cha gramu 12.3 hutoka kwa mwendo wa karibu mita 880 kwa sekunde. Baruti yake ni kama gramu 4.7, na gesi hutoka kwa kasi kubwa kuliko risasi yenyewe. Wapiga hesabu huiweka kwenye mita 1,400 na ushee. Zidisha uzito kwa mwendo, utaona kwamba gesi inabeba karibu asilimia 38 ya msukumo wote. Kwenye bunduki ya kilo 4, teke hilo lina nguvu ya jouli 38 hivi. Breki ikifaulu tu kuizuia gesi isisukume nyuma, bila hata kuvuta mbele, jouli hizo hushuka hadi kama 15. Ndiyo maana mtu akifunga breki kwa mara ya kwanza hutabasamu kama mtoto aliyepewa muwa.

Sasa chukua .308 Winchester. Baruti yake haifiki gramu 3, na mchango wa gesi ni kama theluthi. Teke lake zima, kwenye bunduki ya uzito uleule, ni jouli 21 hivi, yaani kama nusu ya lile la kwanza hata kabla hujafunga chochote. Breki itasaidia, ila itakuwa inasaidia mahali pasipo na shida kubwa. Kanuni ni hii: kadiri baruti inavyokuwa nyingi ukiilinganisha na uzito wa kichwa cha risasi, ndivyo breki inavyokuwa na kazi ya kufanya. Kwenye .338 Lapua Magnum, yenye baruti inayokaribia gramu 6, breki ni jambo la maana. Kwenye .22 ndogo ya kufukuzia ngedere ni pambo.

Wengi huchanganya breki na vifaa vingine vya mdomo wa mtutu. Kila aliyekulia Uganda ameiona bunduki ya AKM, ile yenye mdomo uliokatwa mshazari kama kalamu ya mwanzi. Kipande kile si breki. Kazi yake ni kuigeuza gesi iukandamize mdomo usipande juu na kukimbilia kulia. Bega bado linapata haki yake. AK-74 iliyokuja baadaye ndiyo iliyofungwa breki ya kweli, lile domo refu lenye madirisha pembeni. Kisha kuna kifaa cha kuficha mwanga wa moto, kama kikombe chenye nyufa: nacho hakipunguzi teke kwa kiasi cha kujisifia. Muuzaji akikuambia kimoja kinafanya kazi zote tatu sawasawa, mwache aendelee kuongea, wewe shika mfuko wako.

Hatua ya pili: jiulize kama unaihitaji

Karamoja ina hadithi yake kuhusu teke. Mwanzoni mwa karne iliyopita alipita huku Mskochi aitwaye Walter Bell, ambaye wenzake walimbatiza Karamojo Bell. Aliua zaidi ya tembo 1,000, jambo ambalo leo halisomeki kwa raha, lakini wapiga bunduki hawaachi kumtaja kwa sababu ya silaha yake. Wenzake walibeba mizinga ya kuvunja mabega. Yeye alipendelea bunduki nyepesi ya milimita 7, ambayo Waingereza waliiita .275 Rigby. Haikuwa ikimrusha nyuma, kwa hiyo hakuwa akifumba macho kabla ya kufyatua.

Kufumba macho ndiko kunakoharibu shabaha. Mtu akishaumizwa na bunduki mara tatu nne, mwili wake huanza kujikaza kabla ya mlio. Kidole huikwapua triga badala ya kuibana taratibu. Kama ndilo tatizo lako, jaribu kwanza mambo ya bei rahisi. Mpira mzuri wa kitako husambaza teke begani. Kitako kirefu kupita kiasi au kifupi kupita kiasi hufanya bunduki ya kawaida ionekane kali. Kipimwe kwenye mkono wako, si wa muuzaji. Uzito nao ni dawa: ile .300 ya kilo 4 ikipata kilo moja zaidi, teke lake hushuka kutoka jouli 38 hadi kama 30, na hakuna sikio lililoumia. Pengine unachohitaji ni kaliba ndogo, yaani risasi ya kipenyo kidogo. Tangu 6.5 Creedmoor ilipotoka mwaka 2007, wapigaji wa mbali wengi wameona kwamba mita 600 hazihitaji kupigwa teke la punda.

Sababu iliyo nzito zaidi ya kufunga breki kwenye bunduki ya masafa marefu wala si bega. Ni kuona. Risasi ya .300 huchukua chini ya sekunde moja kufika mita 600. Ndani ya muda huo bunduki isiyo na breki imesharuka, darubini inatazama mawingu, na wewe hujui kama umepiga chini au kushoto. Yenye breki hukaa palepale, ukaona vumbi likiruka karibu na sahani na kujirekebisha mwenyewe. Breki nzuri inaninyang'anya kazi mimi mtazamaji. Sina kinyongo.

Hatua ya tatu: karatasi kabla ya chuma

Bunduki Uganda inatawaliwa na Sheria ya Silaha ya 1970, na leseni hupitia polisi. Kabla ya kununua breki, na hasa kabla ya kumruhusu mtu auguse mtutu, waulize waliokupa leseni kama badiliko hilo linahitaji kuandikishwa. Pata jibu la maandishi ukiweza. Ukiingia nchini na bunduki ya kuwindia, hakikisha breki imeonekana pale karatasi zinapokaguliwa, isije ikagunduliwa baadaye chini ya soksi.

Huku kwetu jambo hili lina uzito wa ziada. Karamoja imepitia kampeni za kukusanya silaha, ile ya mwaka 2001 na zilizofuata, na mwaka 2021 ikaja operesheni ya jeshi iliyopewa jina la Kiswahili, Usalama kwa Wote. Askari wa kizuizi cha barabarani akikuta kipande cha chuma chenye matundu ndani ya mfuko wako hatakuuliza kuhusu mwendo wa gesi. Weka breki pamoja na bunduki yake na karatasi zake, katika sanduku moja.

Hatua ya nne: chagua matundu kwa kuangalia walio kando yako

Hapa ndipo pa kutulia. Breki haziachani sana kwa jina la kampuni. Zinaachana kwa mahali zinapoielekeza gesi.

Aina ya kwanza ina matundu madogo mduara mzima, kama kichwa cha bomba la kumwagilia bustani. Ni ya bei nafuu, haina juu wala chini, kwa hiyo kuifunga ni rahisi. Ubaya wake ni kwamba sehemu ya gesi inapiga ardhini. Ukiwa umesimama, sawa. Ukiwa umelala kifudifudi juu ya udongo wa mbuga mwezi wa Februari, utafyatua mara moja kisha utangoja vumbi lishuke kama lori la ng'ombe limepita. Nimewaona watu wakipaka darubini mate kwa ajili ya aina hii. Kwa bunduki ya masafa marefu inayopigwa kwa kulala, iache.

Aina ya pili ina madirisha makubwa pembeni tu, kulia na kushoto, mawili, matatu au manne kila upande, na chini imezibwa. Ndiyo inayofaa wengi. Ukuta wa kwanza ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi, kwa sababu unaikuta gesi ikiwa na nguvu zote. Wa pili huongeza kiasi, wa tatu kidogo, wa nne zaidi huongeza uzito na maringo. Kwa .308 au 6.5, madirisha mawili yanatosha. Kwa .300 na .338, matatu.

Kisha tazama pembe ya madirisha hayo. Yakiwa yamekatwa wima, gesi hutoka moja kwa moja kulia na kushoto. Yakiwa yamelala kuelekea nyuma, gesi hurudi upande wa mpigaji, na kwa kufanya hivyo huivuta bunduki mbele kwa nguvu zaidi. Hizi za kurudi nyuma ndizo zinazoongoza kwa kupunguza teke, na ndizo zinazonifanya nitafute kazi nyingine. Ule upepo unakupiga usoni, kofia inaruka, na mtu wa pembeni anahisi amezabwa kofi na asiyemwona. Ukipiga peke yako juu ya meza, na huna jirani, zichukue. Ukiwa na mtazamaji, mfuatiliaji wa nyayo na kijana wa maji, chukua zilizokatwa wima, au zinazoelekea mbele kidogo, ukubali teke zaidi kidogo.

Zipo pia zenye vitundu vidogo juu, kwa ajili ya kuukandamiza mdomo usipande. Nyingine huja na skrubu ndogo za kuziba au kufungua vitundu hivyo hadi msalaba wa darubini utulie. Ni kitu kizuri kwa mtu mvumilivu. Onyo moja: fungua kimoja kimoja, kwa maana ukivifungua vyote kwenye bunduki ndogo, mdomo utazama chini na utakuwa umebadilisha shida ukaiita suluhisho.

Na kama unakwenda kuwinda nyati, sahau mazungumzo haya yote. Nyati hapigwi kwa mbali. Unamsogelea mpaka unasikia kwato zake kwenye nyasi. Pale watu wamebanana, mara mwongozaji yuko hatua moja mbele ya bega lako, na masikio yako wazi kwa sababu yanahitajika kumsikiliza mnyama. Viongozi wengi wa uwindaji hukuambia uifungue breki kambini na kufunga kile kifuniko cha hesi, ile mikato ya mzunguko kama ya skrubu inayoishika breki. Watii.

Hatua ya tano: pima mara mbili

Breki inaweza kuwa nzuri kwa kila namna na bado isikufae kwa tofauti ya nywele. Kuna vipimo viwili.

Cha kwanza ni hesi za mdomo wa mtutu. Bunduki za Marekani za kaliba ya .30 mara nyingi zimekatwa inchi 5/8 zenye hesi 24 kwa inchi. Ndogo za .22 huwa inchi 1/2 zenye hesi 28. Mitutu minene ya .338 mara nyingi ni inchi 3/4 zenye hesi 24. Za Ulaya huhesabiwa kwa milimita: M14x1, M15x1, M18x1. Angalia mtego uliopo: inchi 5/8 ni milimita 15.9 hivi, haipishani na M15 hata kwa milimita moja nzima. Breki ya 5/8 itavaa juu ya mtutu wa M15 kwa kulegea, utaikaza, itaonekana kama imeshika, na risasi ya kwanza itaipeleka mpaka mjini Moroto. Mtego mwingine: AKM nayo ni M14x1, lakini hesi zake huzungukia kushoto. Namba ileile, njia tofauti. Soma kilichochapwa kwenye mtutu au kitabu chake, kisha fundi apime kwa kalipa na geji ya hesi. Breki iingie kwa vidole mpaka karibu na mwisho. Ikikataa, usiilazimishe kwa spana.

Cha pili ni tundu la katikati, kinamopita kichwa cha risasi. Linatakiwa kuwa pana kuliko risasi kwa karibu nusu milimita. Risasi ya .308 ina kipenyo cha milimita 7.82, hivyo tundu la milimita 8.3 au 8.4 linafaa. Risasi ya .338 ni milimita 8.58. Hesabu mwenyewe kitakachotokea mtu akifunga breki ya .30 kwenye .338. Kinyume chake hakina hatari: breki ya kaliba kubwa kwenye mtutu wa kaliba ndogo itafanya kazi, ila gesi nyingi zaidi itatorokea mbele na teke litapungua kidogo tu.

Mgeni mmoja alikaa siku mbili akiilaani darubini yake. Risasi zilitawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Tulipoifungua breki na kumulika ndani, kwenye ukingo wa tundu la mwisho palikuwa na alama ya kung'aa, umbo la mwezi mwandamo. Risasi zilikuwa zinalibusu tundu zikipita. Hesi zilikuwa zimekatwa upande, basi. Kama pangekuwa pabaya zaidi kidogo, tungeokota vipande.

Kama mtutu wako hauna hesi, ni fundi wa bunduki mwenye kibali ndiye wa kuzikata, na azikate kwa kufuata tundu la ndani ya mtutu, si ngozi ya nje, kwa sababu viwili hivyo havikubaliani kila mara. Nawaheshimu mafundi wa Katwe, kule Kampala. Wanakereza shafti ya gari lolote utakalowapelekea. Lakini kazi hii si ya shafti, na sheria haimruhusu kila mwenye mashine kugusa silaha.

Kuna breki zinazobana kwa skrubu bila hesi. Kwa teke dogo zinavumilika. Kwa .300 Magnum siziamini, na sitaki kuwa upande wa mbele nizijaribu.

Kuhusu chuma chenyewe nina machache. Chuma cha pua kinadumu na bei yake inastahimilika. Titani ni nyepesi, inafaa anayepanda vilima, ila gesi ya moto huila mapema na hutoa cheche. Alumini usiiweke mbele ya magnum. Breki nzuri huuzwa nje kwa dola 100 hadi 300. Ongeza usafiri na ushuru.

Hatua ya sita: kufunga

Toa risasi zote. Toa bolti, kile kipande kinachofunga mtutu kwa nyuma. Tazama ndani ya mtutu uone mwanga upande wa pili. Baada ya hapo ndipo ushike spana.

Safisha hesi na bega la mtutu kwa kitambaa na kiyeyusha mafuta. Bega ni ule ukingo ambao breki inaegemea, nao ndio unaoinyoosha. Chembe moja ya mchanga hapo inatosha kuipinda. Breki ya madirisha ya pembeni lazima ikae ikiwa imelala sawa na upeo wa macho, la sivyo gesi itaisukuma bunduki mshazari. Mafundi hutumia njia mbili. Ya kwanza ni pete nyembamba za chuma zinazoongezwa moja moja hadi madirisha yakae sawa breki inapokazika. Ya pili ni nati ya kufungia nyuma ya breki: unaielekeza breki unavyotaka, kisha unaikaza nati dhidi yake. Kwa asiye fundi, hii ya nati ni rahisi. Zile washa laini zinazobonyea ziachie bunduki za kawaida; kwenye bunduki ya shabaha ya mbali hubonyea upande mmoja kuliko mwingine.

Unapokaza, bana mtutu kwenye jiriwa lenye vipande vya mbao au ngozi. Usibane mwili wa bunduki ukauzungusha mtutu, utakuja kulegeza kisichopaswa kulegea. Watengenezaji wengi hutaka nguvu ya kati ya nyutoni-mita 27 na 40. Fuata karatasi iliyokuja na breki yako. Gundi ya kawaida ya hesi hulegea joto likipita nyuzi 150 hivi, na mdomo wa mtutu hufika huko usipotarajia, kwa hiyo ukihitaji gundi tafuta ile inayostahimili moto.

Mwisho pitisha ufito wa kupimia, ule mnyoofu wa kaliba yako, kutoka upande wa bolti hadi utokee mbele. Tazama nafasi kuuzunguka ndani ya tundu la breki. Iwe sawa pande zote. Ikiwa upande mmoja ni finyu, usifyatue hata risasi moja ya kujaribu.

Hatua ya saba: masikio

Mlio wa bunduki ya kuwindia, bila breki, hupita desibeli 160 sikioni mwa mpigaji. Wataalamu wa afya ya kazini huweka ukomo wa mlio wa ghafla kwenye 140. Breki huongeza desibeli kadhaa juu ya hizo, na kila desibeli 6 ni shinikizo maradufu. Nywele za ndani ya sikio zikishaungua hazioti tena.

Vaa viwili pamoja: vizibo vya sponji ndani na vikinga vya kichwani juu. Havijumlishwi, cha pili huongeza kama desibeli 5 tu juu ya kilicho imara zaidi, lakini hizo 5 unazihitaji. Kizibo kiviringishe kiwe chembamba kama njiti ya kiberiti, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kishikilie kwa nusu dakika mpaka kitanuke. Kikiwa kinachungulia nje kama uyoga, hakijaingia. Na miwani ya macho kwa kila mtu, maana breki hurusha mchanga na chembe za baruti pembeni.

Nunua seti za watu wote siku ileile unayonunua breki. Nimekutana na wenye bunduki ya mamilioni ya shilingi waliosahau vizibo vya mtazamaji, wakanipa pamba. Pamba haizuii kitu. Kama hakuna cha kunivalisha, breki inafunguliwa au mimi nakaa garini.

Sehemu ya kukaa nayo ina maana. Pembeni sambamba na mdomo wa mtutu ndipo pabaya kuliko kote. Mtazamaji akae nyuma ya mstari wa mabega ya mpigaji, karibu na miguu yake, darubini yake ikiwa kwenye stendi. Usipige ukiwa kati ya kuta, chini ya bati, wala ukiegemeza bunduki kwenye boneti huku mdomo ukiwa kando ya kioo: mlio hurudi, na kioo huenda.

Hatua ya nane: ziro upya, yaani linganisha tena darubini na risasi

Breki ni gramu 100 hadi 200 zilizoning'inizwa kwenye ncha ya mtutu. Mtutu hutetemeka kama uzi wa zeze ukipigwa, na ukiuongezea uzito mwishoni unabadilisha sauti yake. Risasi hazitaangukia pale pa jana. Zinaweza kuhama sentimita chache kwa mita 100, zikahama tena utakapoifungua.

Tandika mkeka au turubai chini ya mdomo wa mtutu, au mwagia ardhi maji, vumbi lisikuzibe. Lala ukiwa umenyooka nyuma ya bunduki, si mshazari. Breki haitakusaidia kama mwili wako unaiachia njia ya kuruka pembeni. Piga risasi tatu kwa mita 100, pumzisha mtutu upoe, piga tatu nyingine. Tazama kundi kwanza, ndipo utazame mahali. Kundi likiwa limetanuka kuliko ulivyozoea bila breki, rudi kwenye ufito na bega la mtutu kabla ya kulaumu kitu kingine. Likiwa zuri, sawazisha darubini, kisha ifungue breki, piga tatu, na uandike ni mibofyo mingapi na upande gani. Bandika karatasi hiyo ndani ya kifuniko cha darubini.

Baada ya kila siku ya kazi, ijaribu kwa vidole kama imelegea. Baada ya risasi 200 au 300, ifungue uisafishe masizi, la sivyo itajishona kwenye hesi. Na msimu wa mvua, udongo mweusi wa huku unapoganda kwenye kila kitu, mulika ndani ya tundu na madirisha kila ulipoweka bunduki chini, maana tope ndani ya mtutu haliulizi kama una breki.

Ukiwa tayari, inua kichwa kutoka kwenye darubini. Hesabu watu. Kijana wa maji atakuwa amesogea tena mbele ili aone sahani ikigongwa. Wote hufanya hivyo. Mwite kwa jina, arudi nyuma ya miguu yako, aguse masikio yake yote mawili akuonyeshe vizibo vimo. Hapo ndipo urudishe bolti mbele.